Sufuria moja, damu tofauti: nyani wetu na hadithi ya kolesteroli

Kama umewahi kupanda basi kutoka Voi kwenda Nairobi, unawajua. Ukifika pande za Manyani, na jina lenyewe linajieleza, utawaona wamekaa kando ya lami wakingoja mtu arushe ganda la ndizi dirishani. Watalii wanapiga picha. Sisi wa huku tunafunga dirisha.

Kwetu Mahoo hatuna mapenzi na nyani. Ukipanda mahindi karibu na pori, wewe unalima, yeye anavuna. Nimetumia likizo nyingi za utotoni nikipiga mabati na kurusha mawe. Kwa hivyo usidhani naandika hii kwa sababu napenda wanyama. Naandika kwa sababu ya mjomba wangu, na kwa sababu ya maneno ambayo mtu alisema kwenye matanga yake.

Mjomba alikuwa mwembamba. Si wembamba wa ugonjwa, ni ule wa mtu anayebeba mikungu ya ndizi tangu asubuhi. Hakuwa na tumbo, hakuvuta sigara. Aliishi kwetu, akala kwa sufuria ya mama miaka yote. Siku moja alipimwa damu, akaambiwa kolesteroli iko juu sana. Alirudi nyumbani akicheka. "Mimi? Mafuta? Niangalieni vizuri bana." Hakurudi tena kwa daktari. Alikufa na moyo akiwa na miaka 41, shambani, kabla ya saa nne asubuhi.

Mjomba ndiye alikuwa ananilipia karo ya chuo. Sasa unajua kwa nini niliacha mwaka wa pili, na mnaoniulizaga kwenye komenti mmepata jibu.

Kwenye matanga, kuna mama mmoja alisema kwa sauti ya kunong'ona ambayo kila mtu aliisikia: "Dada yake alikuwa anampikia mafuta mengi." Mama yangu alisikia. Hakujibu. Lakini tangu siku hiyo chakula cha kwetu kinachemshwa tu. Hata mboga, maji na chumvi. Nyanya yangu, ambaye amepita miaka 80 na anapenda nyama ya mafuta kuliko mtu yeyote ninayemjua, akaanza kulalamika kwamba anafungwa jela akiwa nyumbani kwake.

Hapo ndipo swali lilinikamata. Nyanya amekula kwa hiyo hiyo sufuria. Amekula mafuta zaidi ya mjomba, na kwa miaka mingi zaidi. Sasa mbona yeye yuko na mjomba hayuko?

Nikaanza kusoma usiku, bando ikiruhusu. Na jibu, wadau, sehemu yake kubwa inapita kwa wanyama. Tena inapita kwa nyani wa barabara ya Mombasa. Si mchezo.

Tuanze mbali. Mwaka 1913, huko St. Petersburg, Urusi, daktari kijana anaitwa Nikolai Anitschkow alichukua kolesteroli safi, akaichanganya na mafuta ya alizeti, akawalisha sungura. Baada ya muda mishipa yao ya damu ikaanza kuota utando wa mafuta, kama ule unaopatikana kwa binadamu anayekufa na ugonjwa wa moyo. Habari kubwa. Ungedhani dunia ilisimama hapo hapo na kusema: tumejua, ni chakula.

Haikusimama. Shida ilikuwa kwamba wengine walijaribu kitu hicho hicho na panya na mbwa, na hakukutokea kitu cha maana. Panya alikula kolesteroli na damu yake ikabaki karibu pale pale. Kwa hivyo watu wakagawanyika. Wengine wakasema sungura anathibitisha. Wengine wakasema sungura ni mla majani, hakuumbwa kula kitu kama hicho, usituletee sungura.

Ukiangalia vizuri, pande zote mbili zilikuwa zinaangalia jibu bila kulitambua. Chakula kilikuwa kimoja. Mnyama ndiye alikuwa tofauti. Ini la panya ni hodari wa kubadilisha kolesteroli kuwa asidi za nyongo na kuitoa nje kupitia utumbo. Ini la sungura linalemewa haraka. Tofauti hiyo hawajifunzi, wanazaliwa nayo. Iko kwenye jeni.

Lakini hiyo ni tofauti ya mnyama na mnyama. Mimi nilikuwa nataka kujua tofauti ya nyanya na mjomba, watu wa damu moja. Hapo ndipo Kenya inaingia.

Miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa wanakufa sana na moyo. Mwaka 1955 rais wao, Eisenhower, akapata mshtuko wa moyo akiwa madarakani, na nchi nzima ikaanza kuongea juu ya mafuta. Watafiti wakataka mnyama aliye karibu na binadamu kuliko sungura. Huko San Antonio, Texas, kulikuwa na taasisi iliyoanzishwa mwaka 1941 na Tom Slick, tajiri wa mafuta ya petroli. Huyo jamaa alikuwa na mambo yake, aliwahi hata kugharimia safari za kumtafuta yule jitu wa theluji wa milima ya Himalaya. Jitu hakupatikana. Lakini taasisi yake ilipata nyani wetu.

Watafiti walikuja Kenya, wakachunguza mishipa ya nyani wa porini. Mwaka 1960 Henry McGill na wenzake wakachapisha walichokiona kwa hao "nyani wa Kenya": michirizi ya mafuta ndani ya mshipa mkubwa wa damu. Fikiria hiyo. Nyani ambaye hajawahi kuona chipsi wala kuingia kibanda cha mutura, na mshipa wake tayari una michirizi kama ile ya binadamu kijana. Hapo wakajua wamepata mnyama wanayemtaka.

Kituo cha kuwakamata kikawekwa Darajani. Wengi hapa mmeipita bila kujua, iko kwenye reli ya zamani, ukitoka Mtito Andei kuelekea Kibwezi. Mwaka 1962 akaja kijana Mmarekani wa miaka 25 anaitwa William Maples kusimamia kituo hicho. Huyu baadaye alikuwa mtaalamu mashuhuri wa mifupa. Ndiye alishiriki kuchunguza mabaki ya rais Zachary Taylor wa Marekani mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaenda kuangalia mifupa ya familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi. Lakini ujana wake aliuanzia kwenye vumbi la Darajani akifukuzana na nyani, kama mimi tu, ila yeye alikuwa analipwa.

Kenya ilikuwa bado koloni. Nyani wakapandishwa ndege. Wengi walikuwa wa aina ya anubis, wale wa rangi ya kijani iliyochafuka, na wachache wa manjano, aina ya hawa wetu wa Tsavo. Wakafika Texas, wakazaliana. Na tofauti na porini, kule kila mtoto aliandikwa: baba nani, mama nani, babu nani. Kwa miaka mingi wakawa na daftari la ukoo wa nyani kuliko hata mimi ninavyoujua ukoo wangu.

Sasa hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wakawapa nyani chakula kimoja, chenye mafuta mengi ya wanyama na kolesteroli nyingi. Kipimo kimoja, uzio mmoja, maji mamoja. Hakuna wa kusema huyu alikula kwa jirani, huyu alidanganya. Kisha wakapima damu.

Wengine kolesteroli ilipanda vibaya sana, hasa ile inayobebwa na LDL, ambayo watu wanaiita kolesteroli mbaya. Wengine ilipanda kidogo tu, kama hawakula kitu. Chakula ni kile kile! Wakaangalia daftari la ukoo, wakaona hali hiyo inafuata familia. Wakachagua wale wa kupanda sana wakawazalisha pamoja, na wale wa kupanda kidogo wakawazalisha pamoja, na watoto wakafuata wazazi wao. Hiyo ndiyo njia ya zamani kabisa ya kuonyesha kwamba kitu kiko kwenye damu, hata mfugaji wa mbuzi wa Mwatate anaijua. Mwaka 2000 watafiti hao wakatoa ramani ya jeni ya nyani, ya kwanza kwa jamii yote ya nyani na tumbili ukimtoa binadamu, na kazi yao kubwa ikawa kutafuta ni sehemu gani ya hiyo ramani inabeba mambo kama kolesteroli.

Inafanyaje kazi? Mimi si daktari, lakini wacha nikueleze kwa lugha ya soko la Taveta. Chukulia kolesteroli ni ndizi. LDL ni lori. Ini ni soko. Lori linabeba ndizi, linapita kwenye barabara, ambayo ni mshipa wa damu, na linatakiwa liingie sokoni kupitia mageti ili lishushe mzigo. Kuna mtu amezaliwa na mageti mengi, malori yanaingia chap chap. Kuna mtu amezaliwa na mageti machache, au mabovu. Malori yake yanakaa barabarani, yanazunguka, na mwishowe yanamwaga ndizi kando ya njia. Zinaoza pale, barabara inaziba. Hiyo ndiyo siku mtu anaanguka shambani.

Halafu kuna kingine. Ini lenyewe linatengeneza kolesteroli, hata usipokula nyama mwaka mzima. Kwa watu wengi, ukila nyingi, ini linapunguza kutengeneza, hesabu inarudi sawa. Kwa wengine halipunguzi vya kutosha. Na utumbo nao una mizani yake: kuna unaonyonya kidogo, kuna unaobeba kila kitu. Hayo yote, mageti, kiwanda na mizani, yanaongozwa na jeni. Kwa hivyo sahani moja inaweza kuwa chakula kwa mmoja na mzigo kwa mwingine.

Habari ya mageti ilisaidiwa sana na sungura mwingine. Mwaka 1973 huko Kobe, Japani, Yoshio Watanabe alimpata sungura ambaye kolesteroli yake ilikuwa juu sana bila kulishwa kitu chochote cha ajabu. Alizaliwa hivyo, mageti yake yalikuwa mabovu. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio walioyagundua hayo mageti kwa binadamu, na mwaka 1985 wakapewa tuzo ya Nobel. Kwa binadamu ugonjwa wa kurithi wa aina hiyo unampata takriban mtu 1 kati ya 300. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Unene haumo kwenye hesabu hiyo.

Upande wa bahati pia upo. Mwaka 2005 na 2006 watafiti wa Dallas walikuta kwamba karibu watu wawili hadi watatu kati ya 100 wa Wamarekani weusi wamezaliwa na jeni moja inayoitwa PCSK9 ikiwa imevunjika. Kazi ya hiyo jeni ni kama askari wa kufunga mageti ya soko. Askari akiwa hayuko, mageti yanabaki wazi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo chini kwa asilimia 88. Kufikia 2015 kulikuwa na dawa zinazomzuia huyo askari.

Najua mtu atauliza habari ya Wamaasai, majirani zetu. Mwaka 1964 George Mann aliripoti kwamba Wamaasai wa Tanganyika, waliokuwa wanaishi kwa maziwa na nyama, walikuwa na kolesteroli ya chini. Mwaka 1971 watafiti wengine wakasema walipowaongezea kolesteroli kwenye chakula, damu haikupanda, ini lao linajua kupunguza. Mwaka 2012 utafiti wa jeni za Wamaasai wa Kenya ukaonyesha dalili kwamba jeni zinazohusika na mafuta zimechaguliwa kizazi hadi kizazi. Lakini usikimbilie mbuzi mzima bado. Mann huyo huyo mwaka 1972 aliripoti kwamba mishipa ya Wamaasai waliokufa ilikuwa na mafuta kweli, ila ilikuwa mipana, njia haikuziba. Na hao watu walikuwa wanatembea kutwa nzima. Wewe unatembea kutoka kitandani hadi kwa bodaboda.

Na nyani wenyewe wanatuonya hapo. Kule Amboseli, ng'ambo kidogo tu ya pori letu, nyani wa manjano wamefuatiliwa tangu 1971 na Jeanne Altmann na wenzake. Kuna kundi lilizoea kula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kolesteroli na insulini za hao wa jalala zilikuwa juu kuliko za wenzao wanaotafuta mizizi na mbegu porini. Porini ni pamoja, aina ni moja, jalala ndilo lilileta tofauti. Kwa hivyo jeni haifuti chakula. Jeni inaamua chakula kitakugonga kwa nguvu gani.

Hili ndilo ninalotaka tulielewe, maana huku kwetu tuna majibu mawili tu mtu akifa na moyo. Ama alirogwa, ama alijiletea. Ukiwa mnene, ulijiletea. Ukiwa mwembamba kama mjomba, tunatafuta wa kulaumu, na siku ile tulimpata mama yangu. Wote tulikuwa tunajua kumhukumu mtu kwa tumbo lake na sufuria yake. Hakuna aliyeuliza: baba yake alikufa na nini? Ndugu zake je? Nilipouliza, ikatokea kwamba kaka wa babu, upande ule ule, alianguka njiani akiwa na miaka arobaini na kitu. Watu walisema ni mkosi. Hakuna aliyeandika. Nyani wa Texas wana daftari la ukoo, sisi tuna mkosi.

Nikaenda kupimwa mafuta kwenye damu. Nina miaka 22, nacheza mpira kila Jumamosi, mikono yangu kama ya mjomba. LDL iko juu. Daktari aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi tena. Nyanya tulimpima pia kwa lazima. Yake ni safi, safi kuliko ya kila mtu nyumbani. Amefurahi mpaka ameniambia nimnunulie mutura.

Nisikudanganye, niliogopa. Lakini kuna utafiti mwingine wa yule yule McGill, aliyeanza na nyani wetu. Kuanzia miaka ya 1980 yeye na wenzake walichunguza mishipa ya vijana karibu 3000 wa Marekani wa miaka 15 hadi 34, waliokufa kwa ajali na mambo kama hayo. Mafuta yalikuwa yameanza kujijenga tangu utineja, na zaidi kwa wale waliokuwa na kolesteroli mbaya juu na waliovuta sigara. Maana yake umri wetu huu si wa kungoja. Ndio wakati bado barabara iko wazi.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Uliza nyumbani. Kama kuna mtu wa ukoo aliyekufa na moyo au kiharusi kabla ya kuzeeka, usikubali neno "mkosi", nenda ukapimwe, hata kama uko mwembamba. Mimi ilinigharimu pesa ya bando la mwezi mzima. Mwezi huo mliona sikuposti.

Jioni niliyotoka kuchukua majibu nilimkalisha mama jikoni nikamweleza yote, sungura, Darajani, Texas, mageti. Sikumdanganya. Nilimwambia kwa mtu mwenye damu ya mjomba, na yangu, mafuta yana uzito, kwa hivyo mimi nitaendelea kula cha kuchemsha na nitarudi kwa daktari. Lakini nikamwambia pia: watu watano tulikula kwa sufuria yako, na nyanya ndiye amekula zaidi. Sufuria haikumuua mjomba. Alizaliwa na mageti machache, na hakuna aliyejua.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Hao nyani waliopelekwa Marekani, ni wa aina ya hawa wanaokula mahindi yangu?"

Nikamwambia ndio, wengine ni wa aina hii hii.

"Basi wangewabeba wote," akasema, akainuka, akaweka mafuta kidogo kwenye mboga ya nyanya.